Jina la Kupalilia

Kila Jumamosi, basi la Mugumu likiondoka Tarime, mwalimu Teresia hufungua daftari la elimu ya watu wazima na kukagua majina. Jumamosi hiyo hakufika jina la tatu. Mzee wa kiti cha mbele alikuwa anamfokea mama aliyeketi naye.

"Bibi yako alinunuliwa kwa debe la ulezi wakati wa njaa, nawe unataka mjukuu arithi jina lake!"

"Lilikuwa kapu, Mzee Wangwe. Madebe yalikuwa hayajafika."

Walikuwa wamefahamiana asubuhi ile tu, mama alipomsimulia habari za bibi yake, lakini Wangwe alishakuwa mshauri wa ukoo mzima.

"Mama Mogesi, kwetu mtu wa kununuliwa hatajwi. Alipewa jina la Kikurya, akazaa, yakaisha. Na siku hizi kijijini sote ni ndugu."

"Kama sote ni ndugu, unaogopa nini?"

"Namwogopea mtoto! Atachekwa kisimani."

Mama Mogesi akapakata kikapu chake. Teresia akafunga daftari, akasikiliza.

"Shamba alilofyeka bibi ndilo linalotulisha mpaka leo," mama akasema. "Jina lake la Kimasai alininong'oneza tukipalilia, akaniambia nisilitamke mbele ya watu. Nimelificha miaka arobaini."

Basi likasimama Kenyamonta. Mama Mogesi akashuka na kikapu chake, akageuka, akapaza sauti hata waliokuwa juu kwenye mizigo wakasikia.

"Naserian! Bibi yangu aliitwa Naserian, na mjukuu wangu ni Naserian!"