Renatha Mbawala, Mkunga wa Boti ya Ziwa Nyasa (1948–1999)

Ndugu waombolezaji, tuliofika hapa Mjimwema wengi wetu tulipita mikononi mwa marehemu, ama tukizaliwa, ama tukiuguzwa. Haya ndiyo maisha yake kwa kifupi.

Renatha Gaspari Mbawala alizaliwa Peramiho tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Gaspari na marehemu Mama Aurelia, wakulima wa mahindi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha uuguzi na ukunga, akahitimu mwaka 1970. Alijulikana kwa kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize, hata foleni ikifika nje.

Kazi aliianzia hospitali ya Mbesa. Huko alipokelewa fundi seremala, Sixbert Nyoni, aliyeanguka kutoka kwenye paa na kuvunjika mkono. Mkono ulipona, lakini Sixbert akaendelea kuja wodini kulalamika.

"Unauma wapi?" Renatha akamuuliza siku moja. Sixbert akaonyesha mkono ule mwingine. Walifunga ndoa Songea tarehe 18 Agosti 1973.

Mwaka 1987 alihamia Mbamba Bay, kwenye boti ndogo ya zahanati iliyohudumia vijiji vya ziwani. Ilikuwa na jiko la gesi la kuchemshia vyombo, na mtungi wake ulikaa ndani, chini ya benchi.

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1994 walikuwa wakimwahisha hospitali Biasha, mama aliyeshikwa na uchungu huku akitoka damu. Njiani propela ikanasa kwenye wavu. Nahodha Longino akazima injini na kuingia majini kuukata. Renatha akafungua koki ya mtungi ili achemshe vyombo, akaanza kutafuta kiberiti. Alipokipata, Longino naye alikuwa amerudi na kushika ufunguo wa injini.

"Sista," Biasha akasema kwa shida, "kuna kitu kinanuka kama kitunguu kilichooza."

Renatha alikuwa na mafua, hakusikia harufu yoyote.

"Ni dizeli tu hiyo," Longino akasema. "Mama anaishiwa damu, sista. Twende!"

Renatha alimtazama Biasha. Kuchelewa kungeweza kumuua. Lakini aliyesema ni mgonjwa wake, naye akamwamini. Akakitupa kiberiti ziwani.

"Longino, usiwashe kitu!"

Alifunga koki, akaupapasa mpira wa gesi. Panya walikuwa wameutoboa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hivyo ilikuwa imeshuka na kutulia chini ya mbao za sakafu, ilipo injini. Kufungua madirisha pekee kusingeitoa. Wakambeba Biasha hadi mbele, upepo unakotoka, wakamfunika kwa turubai maana manyunyu yalikuwa yameanza. Longino akang'oa mbao, akachukua ndoo, akawa anachota hewa na kuimwaga ziwani kama mtu anayefua maji yaliyoingia botini.

"Wakituona watasema tumerogwa," alisema.

"Chota, baba. Chota tu."

Mtoto alizaliwa pale pale chini ya turubai, wa kiume, akalia kwa nguvu. Damu ikakata. Injini iliwashwa baadaye sana, Biasha mwenyewe aliposema harufu imekwisha. Mtoto akaitwa Majaliwa.

Tangu hapo Renatha alidai mtungi uhamishiwe nje, kwenye sanduku lenye matundu chini. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, majiko ya gesi yakaanza kuingia hata kwenye boti za wafanyabiashara. Alikuwa akipanda humo bila kualikwa, akipaka povu la sabuni kwenye mipira kutafuta panapovuja. Wakamwita Mama Povu. Jina hilo lilimchekesha.

Mwaka 1997 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akarudi nyumbani Mjimwema. Mumewe alimuuguza kwa upole mpaka alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1999, alipofariki akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, Wilfred, Devota na Dorine, mdogo wake Pankrasi, na wajukuu wanne. Biasha naye yupo hapa, amekaa na wafiwa.

Dada Renatha, Bwana akupokee, akupumzishe katika amani yake.