Kugawanyika

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alikuwa na furaha ya kuudhi. "Kaka, dada yangu anapona," alimwambia kinyozi aliye kando yake. "Daktari kasema seli za ule uvimbe wake zinagawanyika haraka sana."

Kinyozi akakohoa. "Dada, seli ikigawanyika haipungui. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne."

"Wewe nyoa vichwa! Nimegawanya vitambaa miaka yote, sijaona kilichoongezeka."

Kingeongezeka, nikawaza, angekuwa anapanda ndege.

"Kitambaa hakili," kinyozi akasema polepole. "Seli inakula, inakua, inagawanyika. Za uvimbe hazijui kuacha. Mke wangu aliambiwa hivyohivyo, nami nikashangilia kama wewe."

Fundi akalitazama gauni lililokuwa mapajani mwake. Alikuwa amelishona pana, la mtu atakayenenepa. Akanigeukia. "Mwanangu, una kitabu cha baiolojia hapo. Nani mkweli?"

Mimi, mwenye mdomo usiopumzika, nikatazama dirishani. Treni ikasimama kituo cha hospitali.

"Unaona?" akamwambia kinyozi. "Hata msomi hajui." Akashuka, akiwa amelishika gauni juujuu lisijikunje.