Tennessee ya Dan, Arkansas ya Mujinga

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni. Dan, kaa hapa kitandani. Mujinga, binti yangu, kaa ubavuni mwa kaka yako, si ng'ambo yake.

Mmetoka Amerika kuja kuniona nikifa, na tangu mfike mnabishana. Mnasema nyumba hii ya mtaa wa Makomeno iuzwe, mpate ardhi ya kulima na kufuga huko, nami niwachagulie jimbo. Dan anataka Tennessee, kwa sababu mvua inatosha na majani ya ng'ombe yanaota yenyewe. Mujinga anataka Arkansas, ambako ardhi ni rahisi na mtu hujenga bila kusumbuliwa. Jana alimwambia kaka yake, "Yaya, ku ile milima yako utavuna mawe. Hata kuku ya mama ilikushinda." Dan akamjibu, "Na wewe, kimbunga itabeba nyumba na wewe ndani, utakuja kuanguka ku shamba yangu." Nilicheka mpaka kifua kikaniuma.

Nimesoma habari za majimbo yote mawili, kwa kuwa mgonjwa hana kazi nyingine. Mnakumbuka mwaka tulipofukuzwa Likasi, kabla ya kupata nyumba hii, kwa kuwa sisi ni watu wa jimbo la Kasai, ingawa mimi nilizaliwa palepale. Tulilala kituoni tukingoja treni, na mdogo wenu Léonie akafia hapo. Aliyehamia nyumbani kwetu hakuwa mtu mbaya; alikuwa na watoto wa kulaza. Basi, Tennessee ndiko wenyeji wa asili, karibu miaka mia mbili iliyopita, walikotolewa na askari katika mashamba yao, na Arkansas ndiko walikopitishwa, wakizika watoto njiani. Nilitafuta tofauti kubwa kuliko hiyo, sikuiona. Siwahukumu wanaolima huko leo, wala ninyi. Ila sijasoma bado juu ya ardhi ambayo hakuna aliyeambiwa aondoke.

Nilitaka kuwaambia mchague jimbo moja, lolote, mkae jirani. Lakini asubuhi, akiniosha, Mujinga alinieleza kwamba Dan amekwisha kulipia shamba lake, naye amelipia lake. Kumbe mliniomba nichague kwa heshima tu. Sina hasira. Mlinipa kazi ya kufikiri.

Uzeni nyumba, mgawane sawa. Mnizike hapa, wala msirudi kulitafuta kaburi. Wachimba madini wakikuta shaba chini yake watalichimba, na sitakuwa na la kusema.

Nipeni maji... Inatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape majirani wasiouliza mmetoka wapi. Na siku ya kufukuzwa ikifika, maana sioni kwa nini isifike, yule ambaye wafukuzaji hawajamfikia ampokee mwenzake. Asimkumbushe mawe, wala kimbunga. Amwandalie mahali pa kulala... wewe Dan... na wewe Mujinga, mama... pa kulala tu...