Mzee Kistari na Barua Iliyorudi

Usiku wa kuamkia Jumanne tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, mimi mkewe na binti yetu, simu mkononi. Tulingoja habari mbili: ya daktari, na ya kijana wetu. Ya daktari ilifika kwanza.

Marehemu, mliyemzoea kama Mzee Kistari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa nne wa fundi viatu. Alikuwa mwanafunzi mtulivu, akasoma hadi darasa la saba.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji. Alianza kwa kufagia, akapanda hadi msahihishaji wa vitabu vya shule.

Tulioana tarehe 10 Desemba 1994. Kazi aliileta nyumbani. Maneno mawili yakikaribiana aliyachungulia kama mshenga: "Haya yameoana, yaandike pamoja. Haya wachumba, yatie kistari. Haya majirani tu, kila moja likae kwake." Siku moja bata mzinga alimkalisha hadi chakula kikapoa.

"Baba watoto, huyo bata hata hujawahi kumla."

"Na sitamla mpaka nijue anaandikwaje."

Mwaka 2018 aligombana na kijana wetu, kijana akahama. Mwaka uliofuata kijana alimwandikia barua ya kuomba radhi. Marehemu aliisoma mara tatu, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akairudisha. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Andiko asilolijali hakuligusa. Kijana aliona amekataliwa. Mimi niliiona bahasha ikiondoka, nikanyamaza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Siku za mwisho, kila mlango wa wodi ulipolia aliuliza, "Ni yeye?" Nikajibu, "Bado, baba watoto." Alifariki tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, binti mmoja, kijana mmoja na dada wawili.

Jana jioni nilikuwa kwenye meza yake ya kusahihishia na karatasi hii ya wasifu, nimefika hapo kwenye dada, mlango wa mbele ukafunguka. Kijana aliingia, akaniinamia, akasoma. Kisha akaenda dirishani, akaitoa kalamu nyekundu kwenye kikombe cha baba yake.

"Mama, nani kaandika 'mwana funzi'?"

"Mimi. Nimechoka, mwanangu."

Akayaunganisha. Akarudi juu kabisa, akaanza neno kwa neno, polepole, kidole kikitangulia kalamu, na ndiye anayewasomea haya.

Pumzika sasa, baba watoto. Meza yako ina mtu.