Mama Mounira na Maji ya Mtaa wa Juu

Tarehe 30 Juni, Mama Mounira Asani anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika huduma yetu ya maji hapa Kasongo. Alianza akiwa mwangalizi wa pampu, akajifunza umeme kwa marehemu fundi Bruno, na sasa ndiye fundi wetu mkuu. Ametengeneza pampu hadi Wamaza, akibebwa kwa pikipiki huku amefumba macho, maana hakuna anachokiogopa kama mteremko.

Wengi tutamkumbuka kwa mwaka ule wa tangi jipya. Tuliliweka mlimani, likiwa na vali ya umeme ya kufungulia maji ya mtaa wa juu. Waya wake ulitoka kwenye kabati la umeme penye pampu, ukavuka mashamba ya mpunga, ukapanda mlima. Haukupita muda, vali ikagoma: ilivuma tu, haifunguki. Mtaa wa chini ulipata maji, wa juu ukakauka. Na Mama Mounira anakaa mtaa wa chini.

Maneno yakazuka kwamba anawapendelea jirani zake. Sokoni watu wakaacha kumwitikia salamu. Alibadilisha koili ya vali, ile sumaku ya umeme inayoifungua, haikusaidia. Aliufungua waya kutoka kwenye vali kule mlimani akaupima: volti ishirini na nne kamili, kama kwenye kabati. Akamwambia mkuu wetu, Jean-Marie, kwamba ikibidi atahamia Salamabila.

Ndipo Mama Louise, muuza mikate wa mtaa wa juu, alipomfuata mlimani na wenzake.

“Mama Mounira, unasema umeme iko muzuri, lakini sisi hatuna maji,” alisema. “Rudisha huo uzi. Pima vali ikiwa inafanya kazi, sisi wote tuone.”

Alikuja kumuumbua. Mama Mounira akaunga waya, akaagiza vali iwashwe, akapima. Volti kumi na nane. Akakaa chini akacheka.

“Dada, umenisaidia,” alisema. “Nilipima uzi yenye haikubeba kazi. Uzi ni mwembamba, njia ni ndefu. Vali ikianza kuvuta, nguvu inapotea njiani.”

“Basi hukutuibia?”

“Hapana. Ni uzi ndio iliwaibia.”

Ndani ya waya ule mlikuwa na nyuzi mbili zilizolala bure. Mama Mounira akaziunganisha na zile zilizokuwa zikitumika, kila njia ikapata nyuzi mbili. Volti zikapita ishirini, vali ikafunguka kwa mlio mmoja. Bomba la mtaa wa juu lilikohoa, likatema kutu, kisha maji. Mama Louise alimtekea kikombe cha kwanza. Tangu hapo hakuna fundi wetu anayepima waya ambao haujabeba kazi.

Nafasi yake inashikwa na fundi mwenzake, Serge. Mama Mounira anahamia Nyangwe kwa dada yake, Nuru, kulima mpunga. Ameahidi kupokea simu zetu zote, isipokuwa wakati wa mavuno.

Mama Mounira, asante kwa kazi na kwa uvumilivu wako. Mungu akupe afya, shamba lenye kuzaa na siku nyingi za raha.