Marehemu Avelino Rebelo na Chumba cha Mashariki

Avelino Rebelo, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 hapa hapa Curtorim, Goa, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Bernardo na marehemu Quitéria. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la nne. Mwalimu alimwambia mama yake kwamba mtoto huyu haandiki, anapaka.

Mwaka 1964 mjomba wake alimchukua akamfundisha kazi ya rangi. Wengi mlioketi hapa, kuta zenu za ndani alizipaka yeye, na mnajua alivyokuwa mkali. Baada ya mvua aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, na akisema bado, ilikuwa bado, hata kama harusi ni Jumapili. Alisema nyumba zetu za mawe mekundu zinapumua kwa chokaa, na anayezipaka rangi ya mafuta anazinyonga. Rangi ya zamani aliikwangua yote kabla ya kupaka mpya.

Tarehe 30 Desemba 1979 alimuoa Ermelinda Colaço. Walijaliwa mtoto mmoja, Evita, aliyezaliwa mwaka 1984. Binti huyo ndiye mimi ninayewasomea.

Mwaka 2012 nilirudi kazini kwangu Kuwait, kulea watoto wa watu. Kabla ya kuondoka nilimwambia Baba kwamba chokaa inachafua nguo, na kwamba nikija Krismasi nataka chumba changu cha mashariki king'ae kama vyumba vya kule. Oktoba mwaka huo alikipaka rangi ya mafuta. Sikuja. Masika yalipoingia, unyevu ulikosa pa kutokea na ukuta ukavimba malengelenge. Jirani yetu Inácio alipita kumtania. "Fundi, ukuta wako una tetekuwanga. Umemwita daktari?"

Kila Oktoba alinipigia simu kuuliza rangi, nami niliahidi tena kuja Krismasi. Nilikuwa na haraka siku zote.

"Yoyote tu, Baba."

"Yoyote haiuzwi dukani, mwanangu. Taja moja."

Nilitaja iliyonijia mdomoni: samawati, njano ya embe, kijani. Miaka kumi na moja, rangi kumi na moja, moja juu ya nyingine. Mama alimuuliza mbona hakwangui, yeye aliyewagombeza watu kwa kosa hilo hilo. Akajibu kwamba akizikwangua itakuwa kama mtoto hakuwahi kuahidi. Sababu za kutokuja nilikuwa nazo. Nyingine zilikuwa za kweli, nyingine ulikuwa uzito wangu tu, na leo siwezi kuzitenganisha.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Daktari wa mjini Margao alisema ni vumbi la miaka hamsini, akamkataza kazi ya kukwangua. Baba alitii. Kisha Oktoba mwaka huu nilimpigia mimi kwanza. Nilimwambia tiketi nimekata, tarehe 20 Desemba, safari hii kweli. Hakuuliza rangi. Alisema, "Basi nitakitengeneza inavyopaswa."

Alizikwangua zote kumi na moja kwa mkono wake, hadi kwenye jiwe. Mama alimsihi aite mtu. Alimjibu, "Chumba cha mwanangu akwangue mtu wa nje?" Alikohoa wiki tatu, akala uji wa mchele na achari, akarudi ngazini. Tarehe 12 Novemba alimaliza kupaka chokaa. Tarehe 14 alilazwa. Tarehe 17 Novemba 2023, saa kumi alasiri, alifariki akiwa na miaka 72. Laiti ningeendelea kudanganya, angekuwa hai. Nimelifikiria hili kila upande na sioni faraja, na wanaonipa faraja nawashukuru, lakini hainiingii.

Tiketi niliibadilisha nikaja kumzika. Jana nililala chumba cha mashariki. Asubuhi niliweka kiganja ukutani kama alivyokuwa akifanya yeye. Umekauka. Nilipoutoa mkono ulikuwa mweupe, na sijaunawa hadi sasa.

Ameacha mjane, Ermelinda; dada yake, Sista Perpétua; na binti mmoja, Evita, aliyekuja. Baba, pumzika kwa amani, chumba nimekiona.