Nyembo Éliézer, Mwalimu wa Vocal

Tunamsindikiza leo Nyembo Kalunga Éliézer, ambaye vijana walimwita Prof Élie. Mimi ni Kabedi Suzanne, dada yake mkubwa. Nitasoma haraka, maana nikikawia nitashindwa.

Marehemu alizaliwa Kamina, tarehe 14 Machi 2003, mtoto wa pili wa Baba Nyembo Albert, mfanyakazi wa reli, na Mama Mwila Nathalie.

Alisoma hapa hapa, msingi na sekondari. Mwaka 2021 alianguka Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa ajili ya hesabu, na haya ilimkamata kweli. Akaanza upya kwa video za simu, za Kifaransa cha mbio. Nyingine aliirudia hata mara kumi. Mwaka 2022 akapita, asilimia 64.

Kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu sokoni kwa sola. Pale mezani pake akafungua groupe ya WhatsApp, akawa anafundisha hesabu kwa vocal, yaani ujumbe wa sauti, kwa Swahili yetu na Kiluba kidogo. Baba hakupenda: “Mwalimu gani hana tableau, hana hata ubao?” Kisha mwenzake wa kazi pale gare, stesheni ya reli, akamsikilizisha vocal moja: “Mistari ya parallèle iko sawa reli. Haikutanake hata siku moja. Ikikutana, baba yangu anapoteza kazi!” Baba alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku ile naye akamwita Prof.

Hakuwa ameoa. Barua ya uchumba kwa familia ya Yav ilikuwa tayari imeandikwa. Binti yao, Chancelvie, yuko hapa mbele.

Tarehe 6 Mei 2025 homa ya tifoide ilimlaza hospitalini. Hapa nitasema, hata kama wajomba wamenikataza. Alinipa simu yake: “Yaya, dada yangu, usibaache batoto. Exetat iko karibu.” Siku kumi na tatu nilijibu kwa jina lake, kwa kuandika. Watoto wakasumbua: “Prof, tuma vocal!” Nikasema koo linaniuma. Chancelvie peke yake alinipigia: “Ule anaandika njo nani? Éliézer haandikake!” Nikamwomba anyamaze. Ee Mungu wangu, mimi ni mshonaji, hesabu ninayojua ni ya mita za kitambaa!

Alifariki tarehe 19 Mei, saa tisa mchana. Simu haikuacha kulia. Hata sasa inatetemeka mkobani mwangu, na wale watoto hawajui kitu.

Ameacha baba, mama, mimi dada yake, mchumba wake, na wanafunzi mia moja arobaini na watatu, toka Kamina mpaka Kabondo-Dianda na Kinkondja. Chancelvie anarekodi sauti hii. Itaingia kwenye groupe leo. Watoto, Prof wenu amekufa. Toka tarehe sita, aliyewajibu ni mimi. Mnisamehe. Nawe Béni wa Kinkondja, Jumapili uliuliza: delta ikiwa chini ya sifuri, majibu ni mangapi? Nikakuandikia mawili. Nilikudanganya, mwanangu, sikujua. Jana nimeisikia kwenye vocal yake ya zamani: hakuna jibu. Futa kwenye daftari lako leo hii, mbele ya mtihani.

Éliézer, mdogo wangu, nani atawafundisha sasa, sijui. Bwana akupokee, akupe amani.